SOMO LA HESABU NA UFUNDI: Kujaza umbo kwa leza pasipo kupoteza wakati



Katika kalasi tunajifunza mwendo, wakati na umbali, na wengi wanauliza: hesabu hizi zitatusaidia wapi? Leo tutazipeleka ku mashini ya leza, ile inayochora majina na picha juu ya mbao, ngozi ao karatasi ngumu. Tutaona kwamba mwenye kujua hesabu anaweza kumaliza kwa dakika 4 kazi ambayo mwenzake, na mashini ile ile, anaimaliza kwa dakika karibu 7. Mahali ambapo umeme unakatika bila kuaga, dakika hizo si kitu kidogo. Ukikatika katikati ya kazi, mashini inapoteza mahali ilipofika, na mara nyingi ubao umeharibika.

1. LEZA INAJAZA NAMNA GANI?

Leza ni mwanga unaokusanywa mahali padogo sana mpaka unachoma. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kule Marekani mwaka wa 1960. Siku hizi tunachora umbo katika kompyuta, na programu, kwa mfano LightBurn, inatayarisha njia ambayo kichwa cha mashini kitafuata.

Kama tunataka ndani ya umbo pawe peusi pote, kichwa kinakwenda kuume na kurudi kushoto, mstari chini ya mstari, sawa mtu anayefagia barza. Umbali kati ya mstari na mstari tunauita nafasi ya mistari. Nafasi ikiwa mm 0,1, basi kila mm 1 ya umbo inataka mistari 10.

2. WAKATI UNAPOTEA WAPI?

Watu wengi wanazani kazi inakawia juu ya kuchoma. Tazameni vizuri: kichwa kina uzito, hakiwezi kugeuka mara moja. Kikifika mwisho wa mstari kinapunguza mwendo, kinasimama, kisha kinaanza tena upande wa pili. Programu inakipatia nafasi tupu inje ya umbo kusudi kigeuke pale, leza ikiwa imezimwa. Bila nafasi hiyo mwendo unapungua ndani ya umbo, na kingo zinaungua kuliko katikati.

Tuchukue mashini moja kwa mfano. Mwendo wake ni mm 100 kwa sekunde. Kila sekunde inaweza kuongeza ao kupunguza mwendo wake kwa mm 1000 kwa sekunde. Kusimama kunataka 100 : 1000 = sekunde 0,1. Kuanza tena, sekunde 0,1 ingine. Basi kila kugeuka kunakula sekunde 0,2, na nafasi tupu inayotakiwa ni mm 5 kila upande. Andikeni hesabu hii katika kaye, maana yote yanayofuata yanatoka humo.

3. KANUNI YA KWANZA: FUATA UREFU

Tuko na umbo la mm 100 kwa mm 20, nafasi ya mistari ni mm 0,1.

Tukifuata urefu: mistari ni 200, kila mmoja mm 100. Kuchoma: 200 x 1 = sekunde 200. Kugeuka: 200 x 0,2 = sekunde 40. Jumla sekunde 240, ni kusema dakika 4.

Tukifuata upana: mistari ni 1000, kila mmoja mm 20. Kuchoma: 1000 x 0,2 = sekunde 200. Kugeuka: 1000 x 0,2 = sekunde 200. Jumla sekunde 400, ni kusema dakika 6 na sekunde 40.

Kuchoma ni kule kule, sekunde 200. Tofauti yote inatoka ku kugeuka. Anayefagia barza ndefu kwa kuvuka upana wake anageuka mara mingi bure. Katika programu kuna mahali pa kuandika pembe ya mistari: 0 ni kulala, 90 ni kusimama. Ao unaweza kugeuza kazi yenyewe juu ya meza.

4. KANUNI YA PILI: MBIO KUBWA INAWEZA KUKAWISHA

Mtu atasema: «Basi tuongeze mwendo mara mbili!» Tuhesabu kwanza. Kwa mm 200 kwa sekunde, kugeuka kunakula sekunde 0,4, na nafasi tupu inakuwa mm 20 kila upande.

Kwa mstari wa mm 100: kuchoma 0,5 na kugeuka 0,4, jumla 0,9. Mbele ilikuwa 1,2. Tumepata faida.

Kwa mstari wa mm 20: kuchoma 0,1 na kugeuka 0,4, jumla 0,5. Mbele ilikuwa 0,4. Kumbe tumepata hasara! Tumeongeza mbio, na kazi imechelewa. Mbio inafaa kwa mistari mirefu. Tena mjue, mwendo ukibadilika, nguvu ya leza nayo inataka kupimwa upya, maana mwanga unaopita upesi unachoma kidogo.

5. KANUNI YA TATU: MAUMBO YA MBALI, KILA MOJA PEKE YAKE

Tuko na miraba miwili ya mm 20 kwa mm 20, na kati yake kuna mm 160 tupu. LightBurn inakuuliza: kujaza maumbo yote pamoja, kila kundi pamoja, ao kila umbo peke yake? Tuseme mashini inavuka nafasi tupu kwa mwendo ule ule wa mm 100.

Yote pamoja: mistari 200 ya mm 200, sekunde 400, na kugeuka 40. Jumla sekunde 440. Kichwa kinatembea bure sana katikati.

Kila umbo peke yake: mistari 400 ya mm 20, sekunde 80, na kugeuka 80. Jumla sekunde 160, na sekunde chache za kwenda ku mraba wa pili.

Lakini kama miraba inakaribiana, kati yake mm 5 tu, yote pamoja inataka sekunde 90 na 40, jumla 130. Hapa kuunganisha kunashinda.

Mpaka ni wapi? Kuvuka nafasi tupu kukikula wakati sawa na kugeuka mara moja, tumefika mpaka. Sekunde 0,2 kwa mwendo wa mm 100 ni mm 20. Chini ya mm 20, unganisha. Juu yake, tenga. Herufi za jina moja ziwe kundi moja. Majina mawili yanayoachana sana yatengwe.

6. MAMBO MAWILI TENA

Nafasi ya mistari ikitoka mm 0,1 mpaka 0,2, mistari inapungua nusu, na wakati vile vile. Lakini kama nukta ya leza ni ndogo kuliko nafasi hiyo, mistari mieupe itaonekana. Jaribu kwanza ku kipande cha kutupa.

Pia acha mashini ichome ikienda na ikirudi. Ikichoma upande mmoja tu, inarudi kila mara mikono mitupu. Kama kingo zinatoka na meno, programu iko na mahali pa kuyasahihisha.

Mbele ya kuanza, fungua ukurasa unaoonyesha njia yote na wakati wake, ubadilishe pembe ao makundi, ulinganishe. Na mashini ikiwaka, usiiache peke yake hata kidogo: ubao unaweza kushika moto.

MAULIZO

a) Umbo la mm 60 kwa mm 10, mashini ile ile, nafasi mm 0,1. Kufuata urefu ni sekunde ngapi? Kufuata upana?

b) Mashini ingine inabadili mwendo wake kwa mm 500 tu kila sekunde. Kwa mwendo wa mm 100, mpaka wa kutenga maumbo ni mm ngapi?

Majibu: a) 80 na 180. b) 40. Asiyepata arudie sehemu ya 2, kisha ajaribu tena pamoja na mwenzake.