Chama Kilichojijengea Nyumba: Habari za African Association ya Dar es Salaam

Wasomaji wetu mlio mashamba, mara nyingi vijana wa vijijini huunda chama cha kusaidiana na kuwatumikia wenzao, na mara nyingi chama hicho hufa kabla mwaka haujaisha. Katika somo hili twataka kueleza habari za chama kimoja cha mjini Dar es Salaam, kilichoanzishwa na watu wachache, ili tuone kilisimama kwa nini, kililegea wapi, na ni nani waliokirithi.

Kwanza yafaa kuujua mji wenyewe. Katika utawala wa Waingereza mji uligawanywa sehemu tatu: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini penye maduka, na sehemu ya Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Moyo wa sehemu hiyo ya tatu ni Kariakoo. Jina hili latokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi waliochukua mizigo ya askari wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Vita vilipokwisha soko likawekwa mahali pale, na watu wa makabila mengi wakajenga kulizunguka. Vijana walitoka bara kutafuta kazi ya ukarani, ya reli na ya bandari. Mgeni aliyeugua au kufiwa aliwategemea watu wa kabila lake. Kama hawakuwapo, alikuwa mkiwa katikati ya umati.

Wazo la chama kisichouliza kabila lilikuwa limekwisha kuonekana Tanga. Huko mwaka 1922 Bwana Martin Kayamba na wenzake, watumishi Waafrika wa serikali, walianzisha chama chao, wakakusanyika Wakristo na Waislamu pamoja kwa masomo, mazungumzo na mchezo wa mpira. Lakini mlango wa chama hicho ulikuwa wa watumishi wa serikali tu.

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dk. James Aggrey, mwalimu mashuhuri aliyezaliwa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Alikuja pamoja na tume iliyotumwa kuchungua elimu ya Waafrika. Akaonana na Bwana Kleist Sykes, mfanyakazi wa reli mzaliwa wa Pangani, akamshauri kwamba Waafrika wa nchi hii wawe na chama chao. Hata leo pana mtaa Kariakoo uitwao Aggrey. Lakini shauri jema si chama. Miaka mitano ilipita kabla neno halijawa tendo.

Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa. Rais wake wa kwanza alikuwa Bwana Cecil Matola, Mkristo, na katibu wake Bwana Kleist Sykes, Mwislamu, aliyekuwa na umri wa miaka 35 hivi. Pamoja nao walikuwako Bwana Mzee bin Sudi, Bwana Ibrahim Hamisi na wengine.  Wengi wao walikuwa watu wa mshahara, ambao mchana waliitumikia kazi ya wengine na jioni wakaitumikia kazi yao.

Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa nyumba. Walipata kiwanja katika njia iliyoitwa New Street, wakajenga kwa michango yao na kwa mikono yao wenyewe, wakijitolea siku za mapumziko. Ilipofika mwaka 1933 nyumba ilikuwa imesimama. Twaomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Chama kinachokutana barazani kwa mtu hutegemea hisani ya mwenye baraza; akihama, chama huhama naye, na wakigombana, chama huvunjika. Lakini nyumba iliyojengwa kwa senti na jasho la wote haina mwenyewe mmoja. Waliokuwa wakigombana waliweza kuondoka, na nyumba ikawangoja.

Na kulegea walilegea. Katika miaka iliyofuata bidii ilipungua. Tena chama kilionekana kuwa cha makarani na walimu kuliko cha mchuuzi wa sokoni. Kwa hiyo mwaka 1934 Bwana Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka mjini, alianzisha chama kingine cha ustawi na biashara za Waafrika, na mwaka 1937 akatoa gazeti lake liitwalo Kwetu. Tusidhani kwamba hilo lilikuwa fitina tu. Chama cha kutumikia watu kikiwasahau watu fulani, hao watajitafutia mlango mwingine. Na waliosahauliwa zaidi walikuwa wanawake, maana waasisi wote wa 1929 walikuwa wanaume.

Nyumba ya New Street haikufungwa. Matawi yakaenea barani na Unguja, na wajumbe wakakutana Dodoma mwaka 1945. Mwaka 1948 chama cha Tanganyika kikaitwa Tanganyika African Association. Bwana Kleist alifariki mwaka 1949. Mwaka uliofuata vijana wakashika uongozi, Dk. Vedasto Kyaruzi akiwa rais na Bwana Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, akiwa katibu kabla hajatimiza miaka 30. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, urais ukapata mwalimu mwenye umri wa miaka 31, Julius Nyerere, na Abdulwahid akawa makamu wake. Tarehe 7 Julai 1954 chama kikageuka kuwa TANU, katika nyumba ile ile iliyojengwa na wazee wao. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikapata uhuru.

Jambo la kurithishana huvisumbua vyama vya vijana duniani kote. Vyama vya Rotaract, vilivyoanza mwaka 1968 huko Charlotte, Marekani, na ambavyo Dar es Salaam pia vimo, vilikuwa kwa miaka mingi na sharti kwamba mwanachama akipita miaka 30 atoke. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2020. Watu wa New Street hawakuwa na sharti la miaka. Walichokuwa nacho ni vijana waliokubali kuanzia pale walipofikia wenzao.

Leo New Street yaitwa Lumumba. Nyumba ile ya zamani ilibomolewa, na mahali pake pana ofisi ya chama kilichotokana na TANU. Udongo umekwenda, lakini mafunzo hayakubomolewa. Haba na haba hujaza kibaba: basi vijana mnaotaka kuunda chama, anzeni na kazi moja inayoonekana kwa macho, kama kisima, darasa au daraja la mtoni. Mchango wa kila mtu uandikwe daftarini. Mlango usiulize kabila wala dini, wala usimfungie mwanamke. Na tangu siku ya kwanza muwe mkijua kwamba kiti mnachokalia kina mwingine anayekuja.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Kwa nini chama cha Tanga cha 1922 hakikutosha kwa haja za watu wote?
2. Nyumba ya New Street ilikisaidiaje chama wakati wa kulegea?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani moja ambayo vijana waweza kuimaliza kwa mikono yao wenyewe?