Kelele za Bodaboda na Afya ya Kaya za Langoni

Langoni, nusu ya kusini ya mji wa Lamu, ilijengwa kwa waendao kwa miguu na kwa punda. Vichochoro vyake havipitishi gari, lakini pikipiki inapita. Barabarani penye uwazi mngurumo wa injini hutawanyika. Kichochoroni hugonga ukuta huu, ukarudishwa na ule, ukapanda hadi madirisha ya ghorofani. Kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia sauti vizuri, ila dirisha lililoachwa wazi lipate upepo halizuii kitu. Kumshauri mtu wa Lamu alale amefunga madirisha wakati wa joto ni kumwongezea taabu tu.

Sikio halilali. Pikipiki ikipita usiku, mapigo ya moyo huongezeka na mwili hutoa homoni za mfadhaiko, adrenalini na kotisoli, hata kama aliyelala hakuzinduka. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka, hatari ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo huongezeka. Mchana huonekana uchovu na hasira za haraka, na watoto hupata shida ya kusoma na kukumbuka.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana nje ya nyumba za makazi, na 35 tu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kiwango hicho cha usiku kinazidi mnong'ono kwa kidogo sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya, unapendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 usiku.

Wastani, hata hivyo, huficha mambo. Vyombo vya moto vikipungua kwa nusu, wastani hushuka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Kinachokatiza usingizi ni ile pikipiki moja ya saa 8 usiku yenye ekzosi iliyotoboka. Kwa hiyo kukarabati ekzosi, kuacha kuita abiria kwa honi, na kuzima injini mwanzo wa kichochoro kisha kusukuma, kunaweza kuleta nafuu kubwa kuliko kupunguza safari za mchana. Serikali ya kaunti imewahi kupiga marufuku bodaboda ndani ya Mji wa Kale kwa ajili ya kuuhifadhi. Afya ni sababu yenye uzito uleule.

Nyumbani, kitanda cha mtoto mchanga, mgonjwa au mzee huwekwa chumba kilicho mbali na njia. Malalamiko huanzia kwa dereva mwenyewe, ambaye mara nyingi ni kijana wa mtaani, kisha kwa wazee wa mtaa, na yakishindikana hupelekwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Kelele zikipungua, usingizi hutengemaa mapema. Shinikizo la damu huchukua muda zaidi. Anayetumia dawa za shinikizo haziachi kwa kuwa mtaa umetulia, bali huendelea nazo na kupimwa, kwa mfano katika hospitali ya King Fahd, hadi daktari aamue vingine.