Kitabu cha bure, dadu za kulipia: Hesabu za mchapishaji mdogo wa michezo

MWISHONI mwa Januari 2013, kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Evil Hat Productions ilifunga hesabu ambazo mchapishaji yeyote wa vitabu angezisoma mara mbili. Kampuni hiyo hutengeneza michezo ya mezani. Ilikuwa imeomba dola 3,000 kupitia Kickstarter, mtandao ambao watu huchangia bidhaa kabla haijatengenezwa. Ilipata dola 433,365 kutoka kwa wachangiaji 10,103, yaani wastani wa karibu dola 43 kila mmoja.

Fedha hizo ni nyingi, lakini la kushangaza zaidi ni bidhaa iliyokuwa ikichangiwa. Kitabu hicho, Fate Core, ni kitabu cha kanuni za mchezo, na baadaye mwaka huo kanuni zake zilitolewa bure kwa kila mtu. Anayetaka huzisoma, huzinakili, na anaweza hata kuzitumia kuandika mchezo wake na kuuza, mradi ataje zilikotoka. Faili la PDF la kitabu kizima lilipangiwa bei ambayo mnunuzi anaamua mwenyewe, na sifuri nayo inakubaliwa.

Mfanyabiashara aliyezoea kupima kilo kwa kilo atauliza swali moja: Faida iko wapi? Swali ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kusifu ukarimu wa kampuni. Linapatikana kwenye daftari la hesabu.

MCHEZO WENYEWE

Ni vyema kwanza kueleza bidhaa, kwa kuwa si ya kawaida katika soko la Afrika Mashariki. Hapa hakuna ubao wala kete kama za bao. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja husimulia kisa na wengine huigiza wahusika ndani ya kisa hicho, na pale jambo linapokuwa na mashaka dadu hurushwa ili kuamua. Kinachouzwa ni kitabu cha kanuni, pamoja na vitabu vya ziada vyenye visa na nchi za kubuni.

Tabia ya soko hili ndiyo inayofungua fumbo. Katika meza ya watu watano, mara nyingi anayenunua kitabu ni mmoja tu, yule msimuliaji. Wanne waliobaki huazima au husikiliza. Kwa hiyo mchapishaji hana wateja watano mezani, ana mteja mmoja na wageni wanne. Na mteja huyo mmoja akikosa wageni kitabu hukaa kabatini, wala harudi dukani kutafuta cha pili.

Hapo ndipo kanuni za bure zinapofanya kazi. Wageni wanne wanazipata bila kulipa, wanajifunza, na mchezo unachezwa. Muuza machungwa anayemkatia mpita njia kipande aonje anaelewa mantiki hiyo, ingawa yeye kipande kinamgharimu chungwa. Nakala ya faili haimgharimu mchapishaji karibu chochote.

Ikumbukwe pia kwamba kwa sheria ya Marekani hakimiliki hulinda maandishi na michoro, lakini hailindi namna ya kucheza. Mtu anaweza kuchukua utaratibu wa mchezo, akauandika upya kwa maneno yake, na mwenye mchezo asiwe na kesi. Hivyo anayetoa kanuni bure anatoa kitu ambacho ulinzi wake ulikuwa hafifu tangu mwanzo. Fate yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo, kwani inatokana na Fudge, mchezo ambao kanuni zake zilianza kusambazwa bure kwenye intaneti miaka ya 1990.

HESABU ZA MILANGO MITATU

Hata hivyo, wanaoishia kwenye hoja ya nakala isiyo na gharama wanaruka sehemu ngumu. Nakala ya pili haina gharama, lakini ya kwanza inayo. Mwandishi, mhariri, mchoraji na mpangaji wa kurasa wanalipwa kabla senti moja haijaingia.

Chukua mfano wa kubuni, ambao si hesabu za kampuni yoyote. Maandalizi ya kitabu yanagharimu dola 12,000. Kuchapa kila nakala ni dola 4, na bei ya jalada ni dola 25. Kitabu hiki kinaweza kutoka kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni msambazaji wa jumla, anayepeleka madukani. Katika biashara hii mchapishaji hubakiwa na takriban asilimia 40 ya bei ya jalada, nyingine hugawanywa kati ya msambazaji na duka. Hiyo ni dola 10. Ukitoa uchapaji inabaki dola 6. Ili kurudisha dola 12,000 inabidi kuuza nakala 2,000.

Mlango wa pili ni kumuuzia mteja moja kwa moja, iwe kwa kampeni ya michango au kwa duka la kampuni yenyewe. Tuseme uchapaji ni dola 4, na ada za malipo, kufungasha na sehemu ya posta ni dola 4 nyingine. Inabaki dola 17. Nakala 706 zinarudisha gharama.

Mlango wa tatu ni faili. DriveThruRPG, soko kubwa la faili za michezo hii kwenye intaneti, kwa miaka mingi limekuwa likimwachia mchapishaji asilimia 65 ya bei, au 70 kama haliuzi faili lake kwingine. PDF ikiuzwa dola 10, mchapishaji anapata dola 6.50, bila karatasi wala ghala.

Msomaji alinganishe takwimu mbili hapo. Faili la dola 10 linamwingizia mchapishaji zaidi kuliko kitabu cha dola 25 kilichopita kwa msambazaji. Kwa maneno mengine, anayegawa PDF bure hagawi makombo. Anagawa bidhaa yenye faida nzuri kuliko ile iliyoko rafuni dukani.

Sasa ifanywe hesabu ya fidia. Kila mtu ambaye angelipia faili lakini akalichukua bure ni dola 6.50 zilizopotea. Akivutiwa akanunua kitabu dukani, zinarudi dola 6, hasara ya nusu dola. Akinunua moja kwa moja kwa mchapishaji zinarudi dola 17, ambazo zinafidia faili mbili na nusu za namna hiyo. Kwa hiyo maandishi ya bure humfaidisha zaidi mchapishaji mwenye mlango wake mwenyewe wa kuuzia. Asiye nao anawatafutia wateja watu wengine.

Evil Hat ilikuwa na mlango huo. Kickstarter hukata asilimia 5 pamoja na ada za malipo, na kinachobaki humfikia mchapishaji kabla ya kwenda kiwandani. Gharama ya nakala ya kwanza ililipwa na wachangiaji. Baada ya hapo kutoa kanuni bure hakukuwa kamari, kwa sababu mtaji ulikwisha kurudi. Mpangilio wa matukio ndio unaostahili kuigwa: michango ilitangulia, ugawaji wa bure ukafuata. Wapo wachapishaji wadogo wanaogeuza mpangilio huo, wakagawa kwanza na kutumaini kulipwa baadaye.

BIDHAA ZENYE UZITO

Kampuni pia iliandaa vitu vya kuuza ambavyo faili haliwezi kuvibadili. Kitabu cha jalada gumu ni kimojawapo, kwani msimuliaji anayerusha dadu kila wiki hapendi kupekua simu katikati ya kisa. Kulikuwa na toleo fupi liitwalo Fate Accelerated, kijitabu cha dola 5 ambacho mtu hununua bila kufikiri sana.

Na kulikuwa na dadu. Mchezo huu hutumia dadu nne za pekee, kila moja ikiwa na nyuso mbili za alama ya kujumlisha, mbili za kutoa na mbili tupu. Mwenye ubahili anaweza kutumia dadu za kawaida kwa kukubaliana kwamba moja na mbili ni kutoa, tano na sita ni kujumlisha. Lakini ni kero, na kero ndogo inauza. Kampuni ilianza kutengeneza na kuuza seti zake za dadu hizo. Kila anayesoma kanuni za bure anakutana nazo ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna mashine ya kudurufu inayotoa dadu.

Wenye maduka hawakusahauliwa, na hapa kuna busara ambayo wauzaji wa rejareja wa popote wangeithamini. Mwaka 2010 Evil Hat na wachapishaji wenzake walianzisha mpango uitwao Bits and Mortar. Anayenunua kitabu katika duka la mtaani hupewa faili lake bila malipo ya ziada. Kabla ya hapo mteja alikuwa na sababu ya kuliacha duka, kwani mchapishaji akimuuzia mwenyewe alimpa kitabu na faili pamoja. Dola 6 za dukani ni chache, ni kweli, lakini duka humfikia mtu ambaye hajawahi kusikia jina la mchezo. Kazi hiyo kampeni ya mtandaoni haiifanyi vizuri.

KUFULI LA NAMNA NYINGINE

Si lazima mgawaji afungue milango yote. Mchezo wa karata uitwao Cards Against Humanity, uliobuniwa na kundi la marafiki wa jimbo la Illinois, uliomba dola 4,000 kwenye Kickstarter na kumaliza mwanzoni mwa 2011 ukiwa na dola 15,570. Karata zote ziliwekwa bure kwenye faili, mtu achape nyumbani. Wakati huohuo boksi liliuzwa dola 25.

Aliyewahi kujaribu kuchapa anajua kwa nini boksi lilinunuliwa. Seti ya kwanza ilikuwa na karata 550. Hesabu wino, karatasi ngumu, mkasi, na jioni nzima ya kukata, halafu karata zenyewe zinatoka zikipishana kingo. Bure hiyo ina bei, ila inalipwa kwa mwenye duka la wino.

Tofauti na Fate ni leseni. Evil Hat iliruhusu wengine wauze kazi zitokanazo na kanuni zake. Waliobuni karata waliruhusu kunakili na kurekebisha, lakini si kwa biashara. Kila uamuzi una sababu. Mchezo wa vitabu unahitaji waandishi wa nje wa kuulisha visa vipya. Boksi la karata halihitaji, na mshindani mwenye kiwanda angeweza kulitoa kesho kwa nusu bei.

KISICHORUDISHWA

Hatari kubwa ya kugawa iko mbele ya safari, na mfano wake unatoka kwa kampuni kubwa. Mwaka 2000 Wizards of the Coast, wenye mchezo wa Dungeons & Dragons, walitoa kanuni za msingi chini ya leseni ya wazi ili wachapishaji wadogo waandike vitabu vya kuusaidia mchezo wao. Mwaka 2008 walitoa toleo jipya lenye leseni ya masharti makali zaidi. Paizo, kampuni iliyokuwa ikitegemea leseni ya zamani, ikaichukua leseni hiyohiyo na mwaka 2009 ikatoa mchezo wake, Pathfinder, uliokuwa mwendelezo wa toleo ambalo wenyewe walikuwa wameliacha. Wateja wengi walihamia huko.

Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya. Ingefuta ile ya zamani na kuwadai wachapishaji wakubwa mrabaha wa asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000. Wachezaji walikasirika, wachapishaji wakaanza kuandaa leseni yao wenyewe. Tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma, na ikaziweka kanuni zake chini ya leseni ya wazi ambayo haiwezi kufutwa. Ilijaribu kudai zaidi, ikaishia kutoa zaidi.

Sababu ni za kibiashara kuliko za kisheria. Watu walikuwa wamejenga maduka, ajira na mikopo juu ya kitu walichoambiwa ni bure. Anayekitaka kurudi hakuti shamba tupu.

Kuhusu Evil Hat yenyewe, hadithi haikuwa tambarare. Mwaka 2019 kampuni ilitangaza kupunguza wafanyakazi na kusimamisha baadhi ya miradi, baada ya kubeba mingi kuliko mauzo yalivyoweza kuhimili. Kanuni za Fate wakati huo zilikuwa zimekuwa za bure kwa miaka sita. Kilichoibana kampuni kilikuwa gharama za nakala ya kwanza, zikirudiwa kwa kila mradi mpya, bila uhakika kwamba kila mmoja utapata wachangiaji wake 10,103.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo akiletewa mpango wa biashara wenye neno bure, iwe ni mchezo, muziki au vitabu vya shule, idadi ya watu waliopakua faili isimzuzue. Aulize wangapi kati yao walinunua kitu, na kwa mlango upi. Aulize nani alilipia nakala ya kwanza, na kama alilipa kabla ya ugawaji au baada yake. Aombe leseni aisome hadi mwisho, hasa kifungu kinachoeleza kama inaweza kufutwa. Halafu aangalie kuna miradi mingapi mipya mezani ambayo bado haijapata wa kuilipia.