Kwa nini selimundu hujificha miezi ya kwanza

Wazazi wengi wenye mtoto anayeugua selimundu, maradhi yaliyoenea Nyanza, Magharibi na Pwani, husimulia jambo lile lile. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, kisha alipokaribia miezi sita vidole vikavimba na kilio kikawa hakiishi. Kuna wanaolaumu chanjo, na wengine jicho la jirani. Kisa kimo katika damu yenyewe.

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu. Mtoto akiwa tumboni huwa na himoglobini ya aina yake, na hiyo haina kasoro ya selimundu. Akishazaliwa, jeni ya himoglobini hiyo huzimwa polepole na ya ukubwani huwashwa. Kasoro imo katika hii ya pili.

Je, jeni huwashwa vipi? Chembe ya ngozi nayo ina jeni ya himoglobini, ila imezimwa. Katika chembe changa za damu, ndani ya uboho wa mfupa, protini iitwayo GATA1 hushika mahali maalumu kwenye uzi wa DNA. TAL1 hushika kando yake, nazo LMO2 na LDB1 huziunganisha. LDB1 hupenda kushikana na LDB1 mwenzake, kwa hiyo kundi lililo mbali kwenye uzi huvutwa hadi karibu na jeni, uzi ukajikunja kama kitanzi. Hapo ndipo jeni husomwa kwa nguvu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hata humo ndani ni hivyo: akikosekana mmoja, kazi hulegea.

Protini nyingine, KLF1, huwasha jeni ya ukubwani na pia huchochea kutengenezwa kwa BCL11A, ambayo huizima ile ya utotoni. Kazi hiyo ya BCL11A ilibainishwa na watafiti wa Boston, Marekani, mwaka 2008. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayopunguza BCL11A katika chembe mama za damu za mgonjwa, ili himoglobini ya utotoni irudi. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mtu mmoja, na kwanza uboho husafishwa kwa dawa kali. Kwa mzazi wa Kisumu au Kilifi hiyo bado ni habari ya kusoma tu. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo humezwa, nayo huongeza himoglobini hiyo, na daktari aweza kuiandika.

Jambo moja la kuangalia: kwa kuwa himoglobini ya utotoni bado ni nyingi, kile kipimo rahisi cha kutazama kama chembe zinajikunja kinaweza kumpitisha mtoto mchanga kuwa mzima, naye si mzima. Kama kuna selimundu katika ukoo, omba kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Hicho huiona kasoro tangu siku za kwanza, kabla maumivu hayajaanza.