Nani Analipia Gari la Jirani?

Chukulia nyumba ya kupanga yenye wanafunzi wanne na mita moja ya LUKU. Mmoja ana friji na jiko la umeme, wengine wana chaja za simu tu. Umeme ukiisha mnachanga sawa kwa sawa. Mwenye friji atasema huo ndio undugu, wenye chaja watanuna. Ugomvi wa aina hiyo, kwa kimo cha ghorofa arobaini, umeisumbua miji mingi ya Amerika Kaskazini, ila badala ya friji weka gari.

Tuanze na sheria yenyewe. Kwa miaka mingi, aliyetaka kujenga ghorofa la apatimenti katikati ya jiji la Toronto, Kanada, alitakiwa kuonyesha kwenye michoro idadi fulani ya nafasi za kuegesha magari. Idadi hiyo ilipanda kadiri vyumba vya kulala vilivyoongezeka. Kama mnunuzi ana gari au hana, hilo halikuulizwa. Na kwa kuwa viwanja vya mjini ni vidogo, nafasi hizo huchimbwa chini ya ardhi, na moja tu hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Fedha hiyo haiyeyuki. Hata pale nafasi inapouzwa peke yake, mara nyingi bei haifikii gharama ya kuichimba, na pengo linajazwa na bei za nyumba. Yaani anayepanda treni kila siku anachangia gari la jirani. Profesa Donald Shoup wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, alilipigia kelele jambo hili kwa miongo kadhaa, na kitabu chake cha mwaka 2005 kiliwafikia watu wengi wa mipango miji.

Sasa hesabu, maana sisi wa ualimu hatuwezi kujizuia. Kwa kanuni za Toronto, nafasi ya kawaida ya gari ina urefu wa mita 5.6 na upana wa mita 2.6, sawa na mita za mraba 14.56. Ya baiskeli ni mita 1.8 kwa 0.6, sawa na 1.08. Gawanya: gari moja linakalia eneo la baiskeli 13. Hapo hatujagusa njia ya kupitia, ambayo kwa gari inakula karibu eneo jingine kama hilo. Nikipangiwa kufundisha uwiano Kidato cha Kwanza, mfano ninao tayari.

Kuna jengo moja linaloonyesha hesabu hiyo ikiwa saruji. Liko barabara ya University Avenue, kwenye kiwanja chembamba cha klabu ya maofisa wa jeshi, karibu na stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Lina ghorofa 42 na apatimenti 315. Sheria ilidai nafasi za magari zipatazo 140; mjenzi akaomba asiweke hata moja ya wakazi. Aliahidi nafasi 9 za magari ya kukodi kwa saa, na baiskeli 315. Wataalamu wa jiji wenyewe walipinga, lakini baraza likapitisha mwaka 2009. Magari yale 140 yangehitaji zaidi ya mita za mraba 2,000 bila njia. Baiskeli zote 315 ni kama mita 340.

Baadaye kilichokuwa ombi la pekee kikawa kanuni. Edmonton ilifuta kiwango cha chini cha maegesho jiji zima mwaka 2020. Toronto ikafuta sehemu kubwa ya masharti hayo Desemba 2021, na ikaweka kikomo cha juu. Hakuna aliyekatazwa kujenga maegesho, ila halazimishwi tena.

Mtu anaweza kuuliza: mbona baiskeli bado ni lazima? Kweli, katikati ya jiji mjenzi anatakiwa kuweka nafasi 0.9 za wakazi kwa kila apatimenti. Hiyo nayo ni amri, na asiye na baiskeli anaichangia. Kwangu tofauti iko kwenye ukubwa wa mchango. Ila nambari kwenye karatasi siyo maegesho. Chumba cha baiskeli kikiwekwa mwisho wa korido, nyuma ya milango mitatu mizito, au rafu ikiwa ya juu ambayo mama mwenye mtoto hawezi kuifikia, watu wataipandisha baiskeli kwa lifti na kuiweka barazani.

La bei silisemei kwa uhakika wote, maana mjenzi aliyeokoa fedha za kuchimba anaweza kuzitia mfukoni kama soko linamruhusu. Wenye ulemavu na wageni, lakini, hawakuachwa kwenye huruma ya soko: Toronto ilibakisha masharti ya nafasi zao hata baada ya 2021, kwa sababu fundi bomba hawezi kubeba mabomba yake kwenye treni, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuambiwa atafute baiskeli.