SOMO LETU: KUGAWANA KWA HAKI



Niliwahi kuona kikundi hapa kwetu Mikinduri kikivunjika kwa sababu ya debe moja la maharagwe. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alidai haki, ila kila mmoja alikuwa na kipimo chake.

Tuseme wanachama 20 wamevuna gunia 10 za mahindi, kila gunia kilo 90. Kuna njia tatu:

1. Sawasawa. Kila mmoja kilo 45. Lakini nyumba ya watu 2 ni kilo 22 na nusu kwa kila mtu. Nyumba ya watu 9 ni kilo 5 tu.

2. Kwa kazi. Aliyelima zaidi apate zaidi. Je, mama aliyejifungua wakati wa palizi?

3. Kwa shida. Mwenye watoto wengi aongezewe. Je, kama hakufika shambani hata siku moja?

Mwaka 1971 mwalimu wa Marekani, John Rawls, aliandika kwamba kanuni za haki ni zile tungezikubali bila kujua nani kati yetu atakuwa tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Basi pataneni kabla ya kupanda, wakati hakuna ajuaye nani ataugua. Andikeni kwenye daftari, wote watie sahihi au kidole. Na anayegawa achukue fungu la mwisho.

Mimi naona gunia 8 zigawanywe kwa kazi, 2 ziwekwe kwa wenye shida.

Jadilianeni:
(a) Kikundi chenu kinatumia kipimo gani?
(b) Nani hakuulizwa?