Mashua Iliyopita Mpwapwa Mabegani mwa Watu

Wasomaji wa Mpwapwa huenda wakastaajabu kuletewa somo la vyombo vya majini, hali nchi yao ni kavu, na mito yao huonyesha mchanga siku nyingi kuliko maji. Lakini yafaa wajue ya kuwa mashua mojawapo iliyo mashuhuri kabisa katika habari za bara ilipita kwao, wala haikupita juu ya maji, ilipita mabegani mwa watu. Twaleta habari zake ili walimu wapate kuzifundisha na wazee wapate kuzizungumza.

Mashua hiyo iliitwa Lady Alice. Bwana Stanley aliagiza iundwe Uingereza mwaka wa 1874, na fundi wake, James Messenger, alikuwa na kiwanda chake Teddington, kando ya mto Thames. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, na kina chake inchi 30. Mbao zake zilikuwa za mwerezi, na unene wake haukufika hata nusu ya inchi. Jina lilikuwa la mchumba wake Stanley, naye bibi huyo aliolewa na mtu mwingine mwaka wa 1876, mashua ingali safarini; lakini hayo si ya somo letu.

Mwalimu na apime futi 40 katika uwanja wa shule, asimamishe mwanafunzi mmoja huku na mwingine kule, kisha awaulize wengine: Kitu cha urefu huu chapitaje katika njia ya miguu, yenye upana wa mtu mmoja, katikati ya miiba ya Marenga Mkali? Jibu la fundi lilikuwa kuifanya mashua vipande 5, kila kimoja futi 8, viungwe tena vifikapo majini. Hapo ndipo penye akili ya kazi ile, na hapo ndipo penye hatari yake. Maana nguvu ya chombo hutoka katika mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoshika mataruma yote kama uti wa mgongo ushikavyo mbavu. Mashua ya vipande imekatwa uti huo. Basi kila kiungo hakina budi kukazwa sana, na maji yakitafuta pa kuingia huanzia hapo.

Vipande vilipofika Unguja vilipimwa, vikaonekana vizito mno, kiasi cha ratili 280 kipande kimoja. Wazee waliosikia habari za misafara wataona shida mara moja. Frasila ni ratili 35, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2. Kipande kimoja basi ni frasila 8, mizigo ya watu 4, na njia yenyewe haikubali zaidi ya watu 2, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ikabidi seremala avikate tena.

Wachukuzi wake walichaguliwa miongoni mwa mahamali wa Unguja, watu wenye miili ya nguvu. Kila kipande kilipewa watu 4, wakipokezana wawili wawili. Mshahara wao ulipita wa wanyapara wote, isipokuwa mkubwa wao Manwa Sera; posho yao ilikuwa maradufu; tena waliruhusiwa kufuatana na wake zao. Wako wanaodhani kwamba huo ulikuwa upendeleo. Sisi twaona ilikuwa hesabu njema, kwa kuwa mtu akijikwaa na nguo kitambaa chaweza kufutwa vumbi, bali akijikwaa na ubao mwembamba wa mashua, safari nzima ya ziwani imevunjika.

Msafara wa watu 356 ulitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukafika Mpwapwa tarehe 12 Desemba. Misafara yote ilipumzika hapo, kwa sababu maji yake ni mazuri, na mbele yake kuna nyika isiyo na maji kabla ya kuingia Ugogo. Mwaka ule walikuta Ugogo mvua kubwa pamoja na njaa, na watu wengi walikimbia au walikufa njiani. Hata hivyo mwishoni mwa Februari 1875 vipande vyote vilikuwa Kageyi, pwani ya ziwa la Viktoria. Vikaungwa, na mwezi wa Machi mashua ikashuka majini. Kwa siku 57 ililizunguka ziwa, na safari hiyo ilikomesha mabishano ya wataalamu wa Ulaya: ni ziwa moja kubwa, si maziwa mengi madogo.

Katika kisiwa cha Bumbire watu wa huko walinyang'anya makasia yote. Mabaharia wakang'oa mbao za kukalia na za kukanyagia, wakapiga kafi kwa hizo mpaka wakaokoka. Hatuwezi kuficha ya kuwa Stanley alirudi mwezi wa Agosti akawaua wengi wa kisiwa kile kwa bunduki, na jambo hilo lililaumiwa hata kwao Uingereza. Mashua ikaendelea mpaka Tanganyika, kisha ikateremka mto Kongo, na tarehe 31 Julai 1877 ikaachwa juu ya miamba ya Isangila.

Chombo kingine kilichofuata njia hii ni Morning Star, cha wamisionari wa London, kilichofika Ujiji mwaka wa 1883. Hicho kilikuwa cha chuma cha pua. Sababu yaeleweka: ubao ukichukuliwa juani miezi kadhaa hukauka, na maungio yake hufunguka; chuma hakipasuki kwa jua, ijapokuwa hushikwa na kutu. Chombo kingine tena, meli Goetzen, kilipita Gulwe kwa gari la moshi ndani ya makasha 5,000 hivi, kikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka wa 1915. Wajerumani walipokizamisha mwaka wa 1916 walipaka mitambo yake mafuta mazito. Kiliinuliwa mwaka wa 1924, na mitambo ikaonekana ingali nzima. Kikaanza kazi tena mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba.

Habari hizi zawahusu wenyeji wa Mpwapwa kuliko zilivyowahusu babu zao, kwa kuwa tangu bwawa la Mtera lilipojengwa wilaya yao ina maji makuu, na wavuvi wao wana mitumbwi na mashua za mbao. Jua la Ugogo ndilo adui wa kwanza wa mashua hizo. Mashua iliyopandishwa nchi kavu ifunikwe kwa majani au turubai, na imwagiwe maji ndani jioni, mbao zisijikunje. Pamba ya kalafati ikilegea itolewe yote na kutiwa mpya, kwa maana pamba mpya juu ya ile iliyooza haishiki. Chombo cha kufulia maji kifungwe kwa kamba ndani ya mashua, na kafi moja ya akiba iwemo kila siku, hata siku ambayo bwawa limetulia.